Nguo Alizozifua Fundi

Kosa la Fundi lilikuwa kufua. Hakuiba mume wa mtu, hakusema uongo, hakumtukana yeyote. Alichukua nguo kumi na moja za mwanamke aliyekwisha kufariki, akaziloweka kwenye maji ya vuguvugu yenye sabuni laini, akazisuuza mara tatu na kuzianika kivulini. Basi. Na kwa hilo tu akakaribia kumkosa mwanamume wa pekee aliyewahi kumfanya akate kitambaa upande.

Wewe unayesoma usimhukumu haraka, maana wengi walishamhukumu. Fundi alikuwa na miaka thelathini na tisa, na ishirini kati ya hiyo aliimaliza katika chumba cha mbele cha nyumba aliyoachiwa na shangazi yake, chumba chenye cherehani mbili, meza ndefu ya kukatia, pasi nzito na rafu tatu za vitambaa. Alishona chochote ambacho mtu angekitaka kwa kipimo chake mwenyewe, lakini kilichomtoa jina ni mablanketi ya vipande. Watu walimletea nguo walizoshindwa kuzivaa na kushindwa kuzitupa: mashati ya baba aliyestaafu, sare za shule za mtoto aliyekwenda mbali, gauni la bibi. Yeye alizikata miraba sawasawa, akaiunganisha, akaweka pamba katikati na kitambaa kizito mgongoni, kisha akaipitia yote kwa sindano ya mkono, mshono mdogo mdogo kama punje za mchele.

Na alikuwa na sheria moja ambayo hakuivunja hata akiwa mgonjwa. Nguo haiguswi na mkasi mpaka ifuliwe. Kitambaa kimoja husinyaa kikipata maji, kingine huchuja rangi, na ukivishona pamoja bila kuvifua, siku ya kwanza blanketi likiingia kwenye beseni vinagombana. Aliwahi kuona blanketi la bibi harusi, jeupe lote, likigeuka waridi kwa sababu ya kipande kimoja chekundu ambacho shangazi alikiamini. Bibi harusi alilia, shangazi akalia, na Fundi, aliyekuwa msichana mdogo, akajifunza. Tangu hapo hakumwuliza mteja kama anataka nguo zake zifuliwe, kama vile daktari asivyouliza kama anawe mikono.

Mpimaji alikuja kwake mara ya kwanza kutaka mfuko wa turubai wa kubebea chombo chake cha miguu mitatu. Kazi yake ilikuwa kupima viwanja vya watu, na watu walimwita hivyo hivyo, Mpimaji, hata wale wasio na kiwanja. Alikuwa mrefu, mpole, mzito wa kusema, mjane wa miaka miwili na nusu. Fundi alikitazama kile chombo, akatoa futi kamba shingoni na kukipima kila mguu kwa adabu, kana kwamba anapima mkuu wa wilaya. Mpimaji akacheka. Baadaye alimwambia kwamba alikuwa amesahau jinsi sauti yake inavyokuwa akicheka.

Mfuko ulikwisha kwa wiki moja, lakini Mpimaji hakwisha. Akaleta shati lililotoka kifungo. Akaleta lingine. Mashati ya mtu huyu yalitokwa na vifungo kuliko ya darasa zima la watoto, na siku ya shati la tano Fundi alipogeuza kitambaa aliona uzi umekatwa safi, kwa wembe. Alikishona kifungo kwa uzi mara mbili, akakivuta kwa nguvu, akamrudishia shati huku akimtazama usoni. Mpimaji akainamisha macho, masikio yamemwiva. Mwaka mmoja na nusu ulipita tangu siku ile, na hapakuwa tena na haja ya vifungo, ingawa mara mojamoja aliendelea kuvikata kwa sababu tu alipenda kumwona Fundi akiinama kwenye dirisha kutunga uzi.

Angekuwa amekwisha kumwoa zamani kama si Mama Mkwe.

Mtaa mzima ulimwita hivyo, Mama Mkwe, ijapokuwa aliyemfanya mama mkwe alikuwa kaburini. Marehemu alikuwa mtoto wake wa pekee. Siku za mwisho kabisa za ugonjwa wake, marehemu alimshika mumewe mkono na kumwomba kitu kimoja tu, asimwache mama yake peke yake. Mpimaji aliahidi. Baada ya mazishi, wengine walipofungasha mizigo, yeye alimwonyesha mama chumba chenye dirisha la mashariki na kumwambia kwamba hapo ni kwake. Tangu siku hiyo wakaishi wawili, yeye akimwita Mama na yule mama akimwita mwanangu. Dada mkubwa wa Fundi, aliposikia habari hizi, alishika kiuno. Alisema mama mkwe wako mwenyewe ni mtihani, sembuse mama mkwe wa marehemu.

Mpimaji alipomweleza mama kuhusu Fundi, mama hakukubali wala hakukataa. Alinyamaza siku tatu. Siku ya nne akaja mwenyewe dukani, bila kumwambia mtu, amebeba mfuko mnene wa nailoni uliofungwa zipu, na juu ya zipu kamba. Alisema humo mna nguo za binti yake. Alisema anataka blanketi. Akilimaliza, ndipo atatoa jibu lake. Fundi alipokea ule mfuko kwa mikono miwili. Alijua amepewa mtihani, na kazi ndiyo kitu pekee alichojua kujibia. Mama alipoondoka, alifungua zipu, akapekua mifuko ya kila nguo kama ilivyokuwa kawaida yake, vilivyokuwemo akavitia kwenye bahasha, kisha akajaza beseni.

Wiki sita alishona. Hakuna kazi aliyowahi kuifanya kwa moyo ule. Miraba arobaini na tisa, saba kwa saba, na katikati kabisa akaweka gauni la maua ya njano, kwa sababu lilikuwa limevaliwa zaidi ya mengine yote na limelainika kwenye viwiko.

Jumatatu Mama Mkwe alifika saa nne asubuhi kama walivyokubaliana, katika gauni lake jeusi la kutokea. Fundi alimwamkia, akamvutia kiti, mama akakikataa. Basi akalitandaza blanketi juu ya meza ya kukatia na kurudi nyuma hatua mbili, mikono mgongoni.

Mama aliupitisha mkono juu ya blanketi polepole, kipande kwa kipande. Kila mraba aliutambua. Hili alikwenda nalo kazini siku ya kwanza, alisema. Hili alinunuliwa na baba yake, likawa kubwa, akalivaa hivyo hivyo. Sauti yake ilikuwa imelainika, na Fundi akaona mwanga kwa mbali, akajiona tayari anaingia mlango wa nyumba ile na viatu mkononi. Kisha mama akainama, akaweka uso wake katikati, kwenye maua ya njano, na kuvuta pumzi.

Alikaa pale muda mrefu. Alipoinuka, uso ulikuwa umebadilika.

"Umezifua," alisema.

"Ndiyo, mama. Kila nguo naifua kabla ya kukata, ili isije—"

"Zote?"

"Zote, mama."

Mama aliitazama mikono yake kana kwamba imeshika kitu kikamponyoka. Hakupandisha sauti. Laiti angepandisha, Fundi angejua la kufanya, kwa kuwa wateja wakali alikwisha kuwazoea.

"Miaka minne nimeufunga ule mfuko kwa zipu na kamba. Sikumruhusu hata mwanangu aufungue. Kila Jumapili nafungua kidogo, nanusa, nafunga. Binti yangu alikuwa humo. Wewe umemmwaga na maji ya sabuni."

"Mama, nisamehe. Sikujua."

"Hukuuliza."

Akachukua mkoba wake na kutoka. Blanketi likabaki mezani, limenyooka, halina kosa hata la uzi mmoja.

Mpimaji alikuja alasiri, moja kwa moja kutoka kazini, viatu vimejaa vumbi jekundu la viwanja vya watu. Mama alikuwa amejifungia chumbani na kusema naye kupitia mlangoni, maneno machache tu. Fundi alikuwa ameketi kwenye cherehani bila kushona. Mguu ulikuwa juu ya kanyagio, uzi umetungwa, lakini hapakuwa na kitambaa chini ya sindano.

Kwa kawaida Mpimaji akiingia alisimama kwanza mlangoni akamtazama mpaka Fundi aone haya na kuangusha kitu. Siku hiyo alitazama blanketi. Alilisogelea, akakigusa kipande cha shati la bluu, akakiondoa kidole chake haraka. Fundi aliiona ile hali na moyo ukamwuma. Kwa mara ya kwanza alijiona kama mgeni aliyeingia chumba cha watu bila kubisha.

Akamwuliza kama alijua juu ya ule mfuko. Mpimaji akasema ndiyo, alijua. Alijua mama huufungua Jumapili. Alijua pia kwamba mama amempelekea Fundi nguo, kwa sababu aliuona ule mfuko mtupu umekunjwa humu dukani, akafurahi, akadhani mama ameanza kulegea. Halikumjia hata kidogo kwamba nguo zitafuliwa.

"Ungeniambia," Fundi alisema. "Neno moja tu. Ungesema, hizi usizitie maji."

"Na wewe ungeuliza."

"Niulize nini? Nimwulize mtu kama nguo za mwanawe zinanukia?"

Walitazamana juu ya ile meza, watu wawili ambao mchana kutwa kazi yao ni kupima, mmoja ardhi na mwingine mabega, na kila mmoja alijua amepima vibaya. Fundi alitamani atoke nyuma ya cherehani, aweke kichwa kwenye shati lile lenye jasho na vumbi, amwambie tuseme yamekwisha. Hatua zilikuwa nne tu. Hakuzitembea.

Kisha Mpimaji akasema lile alilolijia, na alilisema taratibu, kama mtu anayebeba kitu kizito na anatafuta pa kukiweka. Alisema anampenda. Alisema hajui kama atampenda mtu mwingine tena. Lakini ahadi aliyoitoa ni ahadi, aliyeipokea hayupo wa kumwachilia, na mama sasa amesema hataki kulisikia jina la Fundi ndani ya nyumba ile.

"Siwezi kumtoa yeye," alisema, "na siwezi kukuingiza wewe juu ya machozi yake. Nipe muda."

"Muda gani?"

Mtu anayeweza kukwambia urefu wa ukuta kwa kuutazama tu hakuweza kumwambia Fundi ni wiki au ni miaka.

Fundi akainuka. Akalikunja blanketi mara nne, akaliweka rafu ya juu, na alipogeuka macho yake yalikuwa makavu, kwa vile alikuwa amejizuia sana. Hakutaka awe yule mwanamke wa kungoja mlangoni mwa nyumba ya marehemu. Na zaidi ya hayo, na hili ndilo lililomchoma hasa, aliona mama ana haki.

"Nenda kwa mama yako," alisema. "Anakuhitaji kuliko mimi. Ila nakuomba kitu kimoja. Usikate vifungo tena."

Mpimaji alijishika kifuani, pale penye kifungo cha pili, kilichoshonwa uzi mara mbili. Akatoka. Vumbi jekundu la viatu vyake lilibaki sakafuni mpaka siku ya pili, kwa sababu Fundi hakuwa na nguvu ya kulifagia.

Siku kumi na moja zikapita. Fundi alishona mapazia ya zahanati, akapunguza suruali za mzee mmoja aliyekonda, akaharibu kola ya shati ambalo angeweza kulishona amefumba macho. Dada yake alikuja, akamkuta amekonda, akasema kwamba wanaume ni wengi. Fundi akamjibu kwamba ni kweli, ni wengi. Dada akaona jibu lile halina ugomvi ndani yake, akaogopa zaidi kuliko kama angegombezwa.

Siku ya kumi na mbili, Jumamosi asubuhi, alikuwa anatafuta kizibo cha chupa ya mafuta ya cherehani kwenye droo ndipo mkono wake ukaikuta bahasha. Alikuwa ameisahau kabisa. Yote yaliyotoka kwenye mifuko ya nguo alikuwa akiyarudisha kwa mwenyewe siku ya kuchukua kazi, hata kama ni kijiti cha kuchokolea meno, lakini Jumatatu ile nani angekumbuka bahasha. Akaimwaga mezani. Pini mbili za nywele. Kipande cha karatasi chenye orodha, sabuni, betri, dawa ya mama. Na leso ndogo nyeupe, imekunjwa mara tatu, iliyokuwa ndani kabisa ya mfuko wa sweta la kijivu.

Fundi aliketi.

Leso haikuwa nguo ya kukatwa, kwa hiyo haikufuliwa. Ilikuwa vilevile alivyoiacha marehemu. Fundi aliinyanyua, akaileta karibu na uso, na hapo akajizuia. Haikuwa yake kuinusa. Akaitia kwenye mfuko mdogo safi wa plastiki, akaufunga fundo, akafunga duka na kutoka kama alivyo, nyuzi zimemganda kwenye sketi.

Nyumba ya Mpimaji ilikuwa mwendo wa dakika ishirini, naye alizitembea kwa kumi na tano. Alimkuta Mpimaji barazani, amelitandaza turubai chini na kusafisha vyombo vyake vya kazi. Alipomwona alisimama na kitambaa mkononi, na yale macho yakamweleza Fundi yote, usingizi uliokosekana, sahani zilizorudishwa zimejaa, njia za kuzunguka ili asipite mbele ya duka. Fundi naye alikuwa na yake ya kusema. Aliuliza tu kama mama yupo.

Mama Mkwe alikuwa ameketi ukumbini, karibu na dirisha, anashona soksi ya Mpimaji. Anaishona vibaya, nyuzi zimerundikana kisiginoni kiasi kwamba mtu angeivaa angechechemea. Fundi aliiona, akaumeza ulimi. Akamwamkia. Mama akaitikia bila kuinua macho, akamwambia Mpimaji, aliyekuwa amesimama mlangoni, abaki huko huko nje.

"Sikuja kujitetea, mama," Fundi alisema, bado amesimama. "Nimeleta mali yako. Hivi vilikuwa mifukoni. Na hii haikufuliwa. Mimi sikuinusa."

Aliviweka mezani, ule mfuko wa plastiki juu ya vyote. Mama aliuona. Sindano ikasimama. Polepole akaweka soksi pajani, akachukua mfuko, akapata tabu kulifungua fundo, na Fundi hakuthubutu kumsaidia. Leso ikatoka. Mama akaikunjua, akaifunika puani kwa mikono yote miwili, akafumba macho.

Nje kitambaa cha Mpimaji kilikuwa kimenyamaza.

Hatimaye mama akaishusha.

"Haina kitu," alisema.

Hilo ndilo lilikuwa tumaini lake lote, na kumbe halikuwepo. Akageuka kuelekea mlangoni.

"Inanuka karatasi," mama aliendelea. "Na mafuta ya cherehani kidogo. Kaa chini, binti yangu."

Fundi akaketi ukingoni mwa kiti.

"Na zile nguo nazo zilikuwa hazina kitu. Tangu mwaka jana. Harufu iliondoka kidogo kidogo, mimi nikaendelea kufungua na kufunga. Nilikuwa nanusa mfuko." Alizikunja pembe za leso, moja baada ya nyingine. "Nilijua. Ndiyo maana sikumruhusu mtu mwingine aufungue, asije akaniambia. Siku ile nilipoweka uso pale mezani kwako nikasikia sabuni, nikaona nimepata mtu wa kumlaumu."

Alilia basi, bila kelele, mzee mdogo mwenye soksi pajani. Fundi naye machozi yaliyogoma siku kumi na mbili yakamtoka, na hakujua kama anamlilia marehemu ambaye hakumwona, au mama, au nafsi yake. Wakalia kila mmoja kwenye kiti chake. Hakuna aliyemwambia mwenzake anyamaze.

Mama alipofuta uso, aliufuta kwa ile leso.

"Nikuulize kitu, na usinijibu kwa adabu," alisema. "Akikuleta hapa, mimi nitakuwa mama mkwe wa nani?"

Hapo ndipo Fundi alipolielewa jambo zima, mfuko, kamba, mtihani wa blanketi. Yule mama hakuwa akimkataa. Alikuwa akitafuta mahali pa kusimama. Fundi aliwaza jibu zuri, kisha akaliacha.

"Neno lake silijui, mama. Ila nyumba ambayo wewe umetoka, mimi siitaki."

Mama alimtazama kwa muda, kama watu wanavyotazama mshono, wakiuvuta kidogo kuona kama utashika. Kisha akauliza blanketi liko wapi. Fundi akasema liko dukani, rafu ya juu, halijaguswa na mtu. Mama akauliza lile gauni la maua ya njano mbona lilikuwa katikati. Fundi akaeleza kwamba ndilo lililovaliwa zaidi, viwiko vimelainika, akadhani alilipenda.

"Alilivaa akiwa amekasirika," mama alisema. "Tukiliona hilo gauni asubuhi, mimi na mume wake tulijua siku hiyo tutembee kwa vidole." Na kitu kikapita usoni mwake, karibu kicheko. "Inaelekea alikasirika mara nyingi."

Kikohozi kilisikika barazani. Mpimaji alikuwa anasikia kila kitu, na Mama Mkwe alijua tangu mwanzo kwamba anasikia.

Mama akasimama. Akaweka soksi mezani, akanyoosha mgongo, akainua mikono pembeni kidogo.

"Nipime," alisema.

"Nikupime nini, mama?"

"Gauni. Ninalo moja tu la kutokea, na lile nililishona kwa ajili ya msiba. Sitakaa nalo mbele ya watu siku yenu."

Fundi alielewa neno la mwisho kabla ya mengine. Akasimama kwa haraka hata kiti kikaanguka. Mkono ukaenda shingoni kutafuta futi kamba, na shingo ilikuwa tupu. Kwa miaka ishirini hakuwahi kuvuka mlango bila ile futi kamba, na leo, katika siku zote, alikuwa ameiacha kwenye kigingi.

Mpimaji akawa amekwisha kuingia. Hakungoja kuitwa. Mkononi alikuwa na futi yake ya kazi, ile ya kuzungushia, mita hamsini, ngumu, yenye vumbi. Akamnyooshea Fundi ncha yake, na vidole vyao vikagusana kwenye kile kipande cha chuma, na hakuna aliyeviondoa upesi.

"Msinipime kama kiwanja," mama alisema.

Lakini futi ile ilikuwa ngumu, haipindiki kama ya nguo, na kumzungusha mtu nayo ukiwa umbali wa mkono haiwezekani. Ilimbidi Fundi asogee kabisa, apitishe mikono yote miwili nyuma ya mgongo wa mama, aishike ncha upande wa pili. Mabega ya mama yalikuwa membamba kuliko alivyodhani. Alisoma kifua kwa sauti, na Mpimaji akakiandika kwenye daftari lake la viwanja, mwandiko unapanda na kushuka. Fundi hakuachia. Mama naye hakujitoa. Kidevu chake kilikuwa kimefika begani kwa Fundi, na Fundi akamsikia akivuta pumzi, taratibu, kama alivyoinama juu ya ile meza.

"Unanuka sabuni," mama alisema.

"Ndiyo, mama."

"Nitaizoea."